Niliowasimamisha Mbele Wakati wa Kwaresima

Mchungaji aliyepokea funguo za kanisa kutoka kwangu mwezi wa Desemba aliniomba nimwandikie yeye na wenzake mambo niliyojifunza kazini. Nadhani alitarajia kurasa mbili za mawaidha. Mimi nimeamua kuandika juu ya Kwaresima tu. Mambo ya kamati, ujenzi na uhamisho mtayajua bila msaada wangu, na sijakutana na mchungaji anayeyakumbuka kwa furaha. Lakini kumsikia mtu akiungama na kumwambia amesamehewa ni kazi unayoweza kuifanya vibaya miaka mingi, na watu bado wakakupa mkono mlangoni na kukushukuru kwa ibada nzuri. Mimi niliifanya vibaya. Kuna wanawake sita na mwanaume mmoja niliowafanyia hivyo, na mmoja wa wanawake hao, Bosibori, ndiye sababu ya kuandika haya.

Nilifika katika usharika wetu upande wa Magwagwa nikiwa na miaka ishirini na tisa, cheti cha chuo cha theolojia, na viatu vyeusi ambavyo matope yaliviharibu kabla ya mwezi kwisha. Walutheri tulikuwa wachache. Majirani zetu wengi walikuwa Wasabato, waliobaki Wakatoliki, na kila mara ilibidi nieleze kwamba sisi si Wakatoliki waliopotea njia. Nilikuwa msaidizi wa Mchungaji Ombati, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma nini. Alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akafungua kabati la mavazi, akaniambia hivi ndivyo vyombo vya kazi.

Vyenyewe havikuwa vingi. Kanzu mbili, stola za rangi nne za kuvaa shingoni, na ile ya zambarau, ya Kwaresima, ilikuwa imefifia begani kwa jua la dirishani. Kulikuwa na kibakuli cha kuwekea majivu, cha lile jiwe laini linalochongwa Tabaka. Na kulikuwa na kitabu cha ibada, kikubwa, kilichoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ombati alinifungulia ukurasa wa ungamo. Ulikuwa mweusi pembeni kwa vidole vya wachungaji watatu waliotutangulia.

"Huu ndio tunautumia," akasema. "Kurasa zingine safi hizo, utazisoma ukistaafu."

Somo lake la kwanza lilihusu mkono. Jumatano ya Majivu, kila mtu hupiga magoti kwenye reli ya madhabahu, na mchungaji humwekea mkono kichwani na kumtangazia msamaha wa dhambi zake, mmoja mmoja. Nilifanya mazoezi kwa mke wangu jikoni, nikijiona nimeiva. Ombati aliniona kanisani akanivuta kando. "Usimshike mtu kichwa kama unapima kabeji sokoni," akasema. "Weka mkono, utulie. Sema ondoleo la dhambi, halafu nyamaza. Usiongeze mahubiri, hapo mahubiri yamekwisha." Ushauri huo ninaupitisha kama ulivyo, kwa maana nimewasikia baadhi yenu.

Majivu nayo yana kazi yake. Sisi huchoma matawi ya Jumapili ya Mitende ya mwaka uliopita. Mwaka wangu wa kwanza niliyakoroga na maji, nikaona yanashika vizuri, nikajipongeza. Kabla ya wimbo wa mwisho kanisa zima lilikuwa linajikuna paji la uso, na mama mmoja alitoka nje kunawa kwenye tangi. Majivu yakikutana na maji huchoma ngozi. Tone la mafuta ya kupikia linatosha. Hilo hawafundishi chuoni.

Kisha kulikuwa na ungamo la faragha. Watu wengi hawajui kwamba Mlutheri anaweza kwenda kwa mchungaji wake na kuungama peke yake, na sisi wenyewe hatulitangazi sana. Ombati aliweka viti viwili katika kile chumba cha mavazi, kimoja kikitazama ukuta na kingine dirisha. Mchungaji alikaa kwenye kile cha dirisha ili asimkodolee mtu macho. Alinifundisha kwamba yanayosemwa pale hayaendi kwa mke, hayaendi kwa baraza la wazee, wala hayarudi kwa huyo aliyeyasema isipokuwa yeye mwenyewe ayaanzishe. Nimelishika hilo mpaka leo. Mkitarajia niwasimulie niliyoyasikia nikitazama dirisha lile, wekeni karatasi hizi chini mkalime.

Waliokuja chumbani humo walikuwa watu wazima, wanaume hasa, wenye vyeo vya wazee wa kanisa, walimu, wafanyabiashara wa sokoni. Walijua njia. Wengine walikuwa na njia nyingine, na sasa nafika kwenye benchi.

Usharika wetu ulikuwa na desturi, na haukuwa peke yake. Msichana akipata mimba bila ndoa alitengwa na Meza ya Bwana. Akitaka kurudi kundini alingojea Kwaresima. Jumapili moja kabla ya Mitende aliketishwa kwenye benchi fupi mbele kabisa, akiwatazama watu, na baada ya mahubiri alisimama akasema: Nimemkosea Mungu na kanisa lake, naomba mnipokee. Mchungaji alimtangazia msamaha, kwaya ikaimba, akarudi mahali pake. Mtoto wake hakubatizwa mpaka mama awe amesimama. Baba wa mtoto hakutajwa. Mara nyingi alikuwa mle mle ndani, akiimba besi.

Kwaresima yangu ya kwanza aliyekuwa na zamu ya benchi alikuwa Bosibori. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mtoto wake wa kike amefungwa mgongoni kwa leso ya manjano. Mchungaji Ombati alikuwa na homa siku hiyo, au alisema ana homa. Aliniambia tu, "Baraza wanaipenda hiyo benchi. Mimi nimechoka kubishana nao. Fanya haraka." Mimi sikufanya haraka. Nilikuwa kijana, nilitaka kila kitu kifanyike sawasawa.

Bosibori alisimama akasema maneno yake, lakini kwa sauti ndogo, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikamwambia arudie, asikike mpaka nyuma. Akarudia. Mzee Nyakundi, katibu wa baraza, mtu mnyoofu aliyependa kumbukumbu zake ziwe kamili, akainua mkono kuonyesha kwamba bado hajasikia. Nikamwambia arudie tena. Mara ya tatu alipiga kelele. Mtoto akashtuka, akaanza kulia, na maneno ya msamaha niliyasema mtoto akilia, hata sijui kama mama yake aliyasikia. Nilitoka madhabahuni nikiridhika kwamba utaratibu ulifuatwa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimetayarisha maji ya ubatizo na kuandika jina la mtoto kwenye daftari: Moraa. Tulingoja. Nilirefusha matangazo mpaka wazee wakaanza kutazama saa. Bosibori hakuja, siku hiyo wala siku nyingine. Baadaye nikasikia amekwenda kwa Wasabato, ambao hawabatizi watoto wachanga na hawakuwa na haja na benchi letu. Nililikata jina kwa mstari mmoja, kwa rula. Kwa wenzangu nilisema msichana yule ana kiburi. Nililisema hilo zaidi ya mara moja, nami ninaona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema.

Ombati alistaafu, akaenda kuishi upande wa Itumbe kwenye chai yake. Miaka mitatu iliyofuata nikawasimamisha wengine watano, wanawake wanne na mwanaume mmoja aliyekuwa ameoa mke wa pili. Mwanaume huyo alisimama dakika moja, akapewa mkono na wazee wote, na mchana akala nao. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Mwaka wangu wa tano ikawa zamu ya Kerubo. Alikuwa anasomea ualimu, nilikuwa nimemfundisha kipaimara mwenyewe, na katika darasa lile ndiye aliyekuwa akiuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye kitabu. Sasa alikuwa na mtoto wa miezi minne, na mama yake, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alitaka mjukuu abatizwe Pasaka, jambo liishe, watu wapate kitu kingine cha kusema. Baraza walikuwa wamemwita Kerubo mara mbili wakamtaka ataje baba wa mtoto. Alikataa mara mbili. Nami nitakataa kwa niaba yake. Kama mwanaume huyo alipata kuja kwangu au hakuja, jibu langu ni lile lile.

Siku chache kabla ya Jumapili yake nilikwenda kwao kumfundisha maneno ya kusema. Tulikaa nje, chini ya ukingo wa paa, mama yake akimenya ndizi karibu nasi ili asipitwe na neno.

"Pasta, nikuulize kitu?" akasema Kerubo.

"Uliza."

"Jumatano ya Majivu mimi nilikuja kanisani. Nilipiga magoti na wengine. Si uliniwekea mkono?"

"Nilikuwekea."

"Ulisema nini?"

Nikamwambia nilichosema. Kwamba kwa amri ya Bwana nimemtangazia msamaha wa dhambi zake zote.

"Zote?"

"Zote."

"Sasa Jumapili mnanisamehe gani tena?"

Mama yake akaacha kumenya. "Wewe Kerubo, hivyo ndivyo mnafundishwa koleji? Pasta, msamehe, huyu ako na mdomo."

"Mama, mimi nauliza tu. Kama ile ya Jumatano ilikuwa ya kweli, hii ya Jumapili ni ya nini? Na kama haikuwa ya kweli, aseme, tujue. Tulikuwa wengi pale."

Nilisema kitu kuhusu kanisa kama familia, kuhusu kupokelewa, kuhusu utaratibu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Nitakuja, Pasta. Mtoto abatizwe. Lakini sijui kama nitasema," akaingia ndani kumnyonyesha. Nilimaliza chai ya mama yake, nikaaga.

Kesho yake nilikwenda Itumbe. Nilimkuta Mchungaji Ombati amevaa aproni ya plastiki, anachuma chai, na hakuacha kuchuma ili anisikilize, kwa hiyo nilimfuata mstari kwa mstari nikieleza habari hizo. Nilitaka aniambie msichana amekosea. Alifika mwisho wa mstari, akageuka.

"Nilikuwa najua siku moja mtu atauliza hivyo," akasema. "Niliomba asiniulize mimi."

Nilimkasirikia. Nikamwambia aliniachia benchi hilo akijua. Akakubali, bila kujitetea, na hilo likanimaliza nguvu za kugombana. Tukaenda kukaa barazani. Aliniuliza kama nimewahi kufungua kile kitabu cha ibada nyuma kabisa, kwenye sala za jioni. Sikuwa nimefungua. Akanieleza kwamba kule kuna ungamo la pande mbili. Mchungaji hupiga magoti kwanza, anaungama mbele ya watu, na watu ndio wanaomjibu na kumwombea msamaha. Ndipo wao nao wanaungama, na yeye anawajibu. "Mimi sikuthubutu kuutumia," akasema. "Wewe bado kijana."

Jumapili ikafika. Kerubo aliketi kwenye benchi, mtoto mapajani, kitabu chake cha ibada kando, uso umefungwa kabisa. Baada ya mahubiri Mzee Nyakundi alitayarisha kalamu. Mimi nikashuka madhabahuni, nikapiga magoti sakafuni kando ya benchi, nikiwatazama watu. Nikawatajia ukurasa, nikaungama. Nilianza na maneno ya kitabu, kisha nikaongeza yangu, nami nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja: Watu wakubwa nimewasikiliza chumbani, mlango umefungwa. Wasichana nimewasimamisha hapa. Nao wote nimewaambia msamaha ni mmoja. Nimewakosea, naomba mnisamehe.

Hapo ilikuwa zamu ya watu kujibu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Ukurasa ule haukuwa umetumika kwa miaka, hakuna aliyejua kwamba anapaswa kujibu, na nusu yao hawakuwa na vitabu. Niliona viatu, mstari baada ya mstari, havisogei. Nilisikia Mzee Nyakundi akifunua kurasa haraka haraka, akitafuta mbele wakati jambo liko nyuma. Mchungaji aliyepiga magoti hawezi kujijibu mwenyewe. Nilibaki pale, magoti yakiuma, na kwa mara ya kwanza nikajua kile kipande cha sakafu kinavyotazamwa.

Kisha nikasikia sauti pembeni yangu, sauti ya kawaida ya mtu anayesoma darasani. Kerubo alikuwa ameukuta ukurasa. "Mungu Mwenyezi akuhurumie," akasoma, "akusamehe dhambi zako zote, akuongoze kwenye uzima." Akangoja. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyeitikia, akawatazama akawaambia, "Semeni amina."

Wakasema amina. Nililia, sina sababu ya kuficha. Nikasimama, nikawaomba watu wote wapige magoti, wazee na kwaya pamoja, tukaungama sote kwa mara moja, nikawatangazia msamaha. Kerubo hakuambiwa asimame, hakusema lolote zaidi, na mtoto wake alibatizwa Pasaka.

Baraza lilikaa siku mbili baadaye, na halikuwa baraza tamu. "Pasta, hapo ulituaibisha," akasema Mzee Nyakundi. "Na huyu msichana, nani alimpatia ruhusa ya kusamehe mchungaji?" Nikamjibu kwamba katekisimu tuliyomfundisha ndiyo iliyompa, maana Mkristo yeyote anaweza kumtangazia mwenzake msamaha. Alifikiri, akasema hilo ni kweli kitabuni. Akaliandika kwenye kumbukumbu. Benchi lilipelekwa chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, na wazee wawili wakaacha kunisalimia mpaka mavuno ya mahindi. Nilipomwomba Kerubo, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, ruhusa ya kuandika haya, aliniambia: "Andika, lakini usinifanye malaika. Siku ile nilikuwa na hasira, na mtoto alikuwa amenilowesha."

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi niliishia hapo. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye semina za wachungaji na watu wakaipenda. Ni hadithi nzuri ya kusimulia, mwenye makosa anatubu, watu wanasema amina, anaendelea na kazi.

Mwaka huu, Jumatano ya Majivu, nilikaa kwenye viti na watu wengine kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu. Nilipiga magoti kwenye reli, mrithi wangu akaniwekea mkono kichwani (vizuri, bila kupima kabeji), akasema ondoleo, akanyamaza. Niliamini kila neno. Lakini nilipoinuka, mtu niliyemfikiria alikuwa Bosibori akirudia maneno mara ya tatu. Baada ya ibada nikamweleza mrithi wangu. Alinihurumia.

"Mzee, hayo si yaliisha?" akasema. "Si ulitubu mbele ya kanisa, na kanisa likakusamehe?"

"Nilitubu mbele ya waliobaki," nikamwambia. "Yeye alikuwa ameshaondoka."

Nilianza kuwatafuta wale niliowasimamisha. Kati ya wale wanne niliowasimamisha baada ya Bosibori, wawili wamefariki, na nilikwenda kwa watoto wao. Mmoja nilimpigia simu Nairobi, akacheka, akasema alishasahau, kisha akakata simu haraka. Wa nne alinipikia. Yule mwanaume alishangaa kwamba kulikuwa na kosa lolote. Bosibori nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimwogopa.

Aliolewa Nyacheki. Nilifika asubuhi, nikaelekezwa shambani, nikamkuta kwenye chai, kikapu mgongoni, mwanamke mnene sasa, wa miaka hamsini, mwenye mikono ya haraka. Nilimjua kwa shingo. Yeye alinijua kwa sauti.

"Bwakire, Mama Moraa."

"Ee, bwakire, Pasta." Hakuacha kuchuma. "Umezeeka."

Nikamwambia nimestaafu. Nikamwambia nilichokuja kusema. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini niliyasema vibaya, nikirudi nyuma, nikieleza mvua na mabati na homa ya Mchungaji Ombati, mpaka nikajisikia ninajitetea, nikanyamaza. Kisha nikasema kwa kifupi: nilikuaibisha mbele ya watu, sikuwa na haki, naomba unisamehe.

Alichuma kama mita mbili za mstari. Nilimfuata kwa upande wa pili wa michai.

"Moraa alikuwa analia," akasema. "Wewe ukaendelea tu."

"Niliendelea."

"Mama yangu alikuwa ameketi huko nyuma, karibu na mlango. Hakuniongelesha mpaka Agosti." Akatupa konzi ya majani kikapuni. "Sasa wewe umekuja huku kwa shamba. Hakuna mtu. Ni mimi na wewe na chai. Uliniambia yale maneno hapa kwa shamba?"

"Yaya," nikasema. Hapana.

"Basi. Kama ni kuomba, omba huko uliponisimamisha. Watu wako wawepo."

Nikamwambia wengi wa wakati ule wamekufa. Akasema walio hai watatosha. Nikamwuliza kama atakuja, ikiwa nitafanya hivyo.

"Jumapili sina shida," akasema. "Sisi tunasali Jumamosi."

Mrithi wangu hakupenda. Aliniambia, kwa heshima zote, kwamba vijana wa siku hizi hata hawajui desturi ile ilikuwepo, na kwamba nitafukua jambo lililokwisha kuzikwa. Nilimwambia halikuzikwa, linachuma chai Nyacheki. Alifikiri siku mbili, akanipa nafasi baada ya mahubiri, Jumapili moja kabla ya Mitende.

Alikuja. Aliketi nyuma, karibu na mlango, amevaa vazi la buluu, na kando yake mwanamke mrefu ambaye sikuhitaji kuambiwa kwamba ni Moraa. Nilisimama mbele ya madhabahu bila kanzu, kwa koti langu la kawaida. Sikutaja jina lake. Nilisema niliwasimamisha watu hapa, nikasema nilivyomrudisha mmoja mara tatu kwa sababu katibu hakusikia na mimi nilitaka kuonekana najua kazi. Nikasema nilimwita mwenye kiburi baada ya kuondoka, na kwamba wengine waliokuwa pale waliniamini. Nikaomba anisamehe. Watu walijibu sala ya msamaha vizuri, wote kwa pamoja, siku hizi wanaujua ukurasa ule. Niliwasikia. Lakini nilikuwa natazama mlangoni, na nikaona midomo yake haikusogea.

Baada ya ibada nilitoka nikamkuta amesimama nje, anamngoja Moraa aliyekuwa akisalimiana na binamu zake. Alinipa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mgumu, na hakuuondoa haraka.

"Nimesikia, Pasta," akasema. "Umesema yote. Hukuficha."

Nikashukuru. Nikasimama pale kama mwanafunzi, na kwa kuwa miaka yote nilikuwa mtu wa kutamka msamaha papo hapo, kwa sentensi moja, nilidhani sentensi yenyewe inafuata. Aliona kwamba nadhani hivyo. Hakunikasirikia.

"Mimi nimengoja miaka thelathini na moja," akasema. "Na wewe ngoja kidogo."

Moraa akaja, akanisalimia kwa adabu, wakaondoka. Ninangoja.